Kipande cha Mpira

Sikuiba gunia. Andikeni hivyo kwanza.
Niliiba kilo mbili, na mbili, na mbili,
soko la Kibaigwa, msimu wa tatu sasa,
kwa kipande cha mpira wa baiskeli
kisichozidi ulimi wa mwanambuzi,
nilichokichomeka chini ya springi ya mizani.
Mshale ukaanza safari yake nyuma ya sifuri
na hakuna mkulima aliyeinama kuutazama.

Mungu hakuanza na radi.
Mwaka ule radi zenyewe zilikuwa adimu Kongwa nzima,
mawingu yalitupita kama wageni wa jirani.
Alianza na punje.
Nilivua kiatu jioni, ikaanguka punje moja ya mahindi,
kesho yake moja, keshokutwa moja.
Nikasema, kazi ya sokoni hiyo,
nikamtupia kuku.

Kisha tetemeko, usiku wa Jumamosi,
dogo tu, kama tuliyoyazoea huku kwetu.
Sufuria zilipigana mabega, mbwa wakanyamaza,
na asubuhi ukutani palikuwa na ufa
kutoka kizingiti cha mlango hadi picha yangu ya kipaimara:
mimi, shati jeupe la kuazima,
mkono wa askofu juu ya kichwa changu.
Nikauziba kwa saruji.
Ukafunguka Kwaresima. Nikauziba.
Ukafunguka wakati wa kupukuchua. Nikamwita Sogoti,
fundi asiyejua kunong'ona.
Nyemo, akasema, huu hautaki saruji, unataka msingi.
Nilimlipa upesi aondoke.

Wahenga walituusia tuzibe ufa.
Hawakusema kwa saruji ya nani.

Nami ni mshiriki wa Meza ya Bwana.
Nilipokea mkate kwa viganja hivi hivi,
vumbi la magunia likiwa bado kwenye mistari yake.
Mwinjilisti Malogo alipohubiri juu ya dhambi
nilimgeukia Chibago wa kilabu cha pombe, benchi la nyuma,
nikamhurumia sana.

Lililonivunja halikuwa tisho.
Mama Perusi wa Ng'humbi alileta magunia matatu
kwa punda wa kuazima,
mwaka ambao mihindi ilikauka ikiwa na ndevu mbichi.
Nilipima. Nilisoma kwa sauti. Kilo sita za mjane
zikabaki upande wangu.
Akafungua pindo la kanga, akanipa karanga za kukaanga,
bado zina joto la mwili wake:
Mwanangu, wengine huko wanatuibia.
Wewe, Mungu akuweke.

Akuweke.

Nilizishika zile karanga mpaka jua likazama.
Miaka mitatu nilidhani onyo ni fimbo iliyoinuliwa,
kumbe ni mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua,
na sisi tuliomo ndani
tunalalamikia kelele.

Mpira nimeutoa. Ilichukua dakika moja.
Nimelia pia; ulitosha usiku mmoja.
Lakini toba, ndugu zangu, ina miguu na daftari.
Tangu Jumatatu natembea, debe begani,
Pandambili, Sejeli, Hogoro,
nabisha hodi kwenye nyumba zilizonikaribisha uji
na kusema sentensi ambayo haizoei mdomo.
Wengine wamenitukana, haki yao.
Mmoja alinikimbiza na jembe, na mkewe akacheka,
nami nikacheka nikikimbia, Mungu anisamehe hilo nalo.
Mama Perusi hakusema kitu.
Aliyapima mahindi kwa kopo lake,
kopo kwa kopo, midomo ikihesabu,
akanirudishia yaliyozidi.

Mzee Mbijima wa Njoge alikufa mwezi Machi.
Nilisimama kwenye kaburi lake na kilo zangu nne
nisijue pa kuzimwaga.
Niliuliza juu. Juu palikuwa na upepo tu.
Nikampelekea mjukuu wake, asiyenijua,
naye akauliza za nini, nikamweleza yote,
mtoto wa darasa la tano,
naye akanitazama kama mwalimu anayesahihisha.

Ufa bado upo. Mke wangu anauliza
fundi anakuja lini.
Namwambia, bado watu kumi na mmoja.