Pale Mguu Ulipokaa

Linamisi kwenye lango la pili.
Si la kwanza, si kwenye matope ya kijito:
la pili, mlima unapoanza kusema kweli,
gia ya tatu, kanyagio nusu,
linashtuka kama mtu aliyeitwa jina usingizini,
linakata, linarudi, linakata,
na Fflos, mbwa wetu, nyuma kati ya marobota ya majani,
anatanua miguu minne kabla halijashtuka.
Mbwa aliujua ugonjwa kabla yetu.

"Filta," baba anasema kupitia dirisha la jikoni.
Goti lake jipya lina wiki tatu. Daktari wa Aberystwyth
amemkataza ngazi, kondoo na usukani.
Hakumkataza kusema.
Nikabadilisha filta. Dizeli ikanimwagikia hadi kwenye kiwiko,
nyeusi, na ndani yake bawa la mdudu.
Tukapanda. Lango la pili: kwikwi.

"Basi oili imeingia kwenye nyaya."
Hapo sikumbishia. Magari haya ya silinda tano
yana tabia hiyo: oili hutambaa ndani ya waya
kama siri ya ukoo, polepole, miaka,
hadi kwenye soketi nyekundu chini ya kiti.
Nikang'oa kiti. Nikachomoa soketi.
Kavu. Kavu kama karamu ya kanisani kwetu.

Bomba la tabo, zima.
Pampu ndani ya tangi, inavuma vilevile.
Mvua ya Machi ikaniingia shingoni bila hodi.
Kondoo wawili walizaa nikiwa chali chini ya dashibodi,
mmoja mapacha, na dada yangu Nesta akaja
na glavu zake ndefu za damu, akachungulia:
"Leo anazaa nani, kondoo au gari?"

Ndipo nikaikumbuka mita ya mshale,
ile niliyoiazima shuleni na sikuirudisha.
Nikashika nyaya mbili, nikabonyeza kanyagio kwa kidole gumba,
taratibu, kama unavyobonyeza tumbo la mtoto
ukimuuliza: hapa? hapa? na hapa je?
Mshale ukapanda.
Ukapanda.
Ukaanguka,
kisha ukaendelea na safari kama hakuna kitu.
Nikarudia mara saba. Palepale. Chini kidogo ya nusu.

Nikakifungua kisanduku chake mezani, juu ya gazeti.
Ndani mna njia nyembamba ya kaboni, upana wa ukucha,
na kijiguu cha shaba kinachotembea juu yake
kila mtu anapokanyaga mafuta.
Njia yote nyeusi, inang'aa, kama mpya,
isipokuwa mahali pamoja
palipolika mpaka pakawa peupe.

Maili thelathini kwa saa.
Miaka ishirini na miwili, Jumanne kwa Jumanne,
kwenda mnadani Tregaron,
msururu wa magari nyuma ukipiga honi,
na baba haongezi, hapunguzi.
Kikulacho ki nguoni mwako;
hiki kilikuwa kiatuni.

Nikamsogezea taa. Akavaa miwani, akainama
kadiri goti lilivyomruhusu. Akatazama muda mrefu.
"Plastiki," akasema. "Zamani ilikuwa kebo."
Sikujibu. Nesta alikuwa akikamua chupa ya maziwa
kwenye mdomo wa mwanakondoo, hata hakuinua kichwa.
Kisha, chai ilipokwisha kupoa:
"Thelathini na mbili. Sikwenda thelathini mimi."

Kanyagio jipya lilifika Ijumaa kwa posta,
kwenye boksi kubwa kuliko lilivyohitaji.
Nikakaza nati tatu. Nikashusha kioo ili nisikie.
Lango la kwanza, kijito, lango la pili,
gia ya tatu, kanyagio nusu,
na gari likapita, laini, bila hata kusafisha koo.

Kwenye kioo cha nyuma nikamwona Fflos:
ametanua miguu minne, amekaza kucha kwenye bati,
masikio nyuma,
anangoja.