Nembo ya Saa Kumi

Aikande alikuja na karatasi ya daftari la hesabu,
amechora mlima.
Nikamwambia, dada, hapa Moshi mlima umeshachoka:
uko kwenye unga, kwenye godoro, kwenye maji ya chupa,
kwenye ukuta wa kinyozi kule Pasua
ambaye hata theluji kaipaka bluu.
Akaufuta kwa kidole na mate.

Akataka ng'ombe. Na jua nyuma ya ng'ombe.
Na mgomba, maana bila mgomba ng'ombe wa Uru atakula nini?
Na mikono miwili imeshikana, kwa ajili ya wafadhili.
Nikavichora vyote. Kompyuta ikahema.
Nikaipunguza picha mpaka ikawa kama kizibo cha soda,
nikamgeuzia kioo: unaona nini?
Akakunja uso.
"Naona inzi."

Inzi, kwenye maziwa.

Basi tukaanza kutoa.
Kutoa ni kazi kuliko kuweka,
muulize aliyewahi kuhama nyumba.
Jua lilitoka bila ubishi.
Mikono ikatoka, wafadhili wenyewe hawajapiga simu.
Mgomba ulimuuma.
Ng'ombe alikaa hadi jioni, akapungua, akapungua,
ukabaki mkia,
tukautazama ule mkia, nao tukauachia.
Kioo kikawa cheupe.
Chini, fundi aligonga rimu moja tangu asubuhi.
"Sasa nakulipa kwa lipi?" akauliza,
si kwa hasira; ile laki na ishirini ilikuwa ya mtamba
aliyeuzwa Kiboriloni kabla hajazaa.

Nikamuuliza kwa nini kampuni inaitwa Saa Kumi.
Akaniangalia kama niliyemuuliza kwa nini maji yanalowesha.
Saa kumi mama anaamka. Simu mdomoni, inamulika,
ndoo kati ya magoti, baridi ya Uru inang'ata masikio.
Kumi na moja na nusu madumu yako kwenye pikipiki ya Ndetaulwa.
Kumi na mbili chai ya mjini inapata rangi,
na mjini wanadhani maziwa huamka pamoja nao.

Nikachora mshale mrefu, umesimama wima.
Nikachora mfupi, umeshuka kulia, penye nne,
maana ndivyo tulivyo: sisi tunasema kumi,
saa ya ukutani inasema nne,
na hakuna aliyewahi kuchelewa kwa sababu hiyo.
Mistari miwili. Bila duara, bila namba.
Rangi moja, nyeusi, wino wa bei poa.

Aikande alinyamaza. Akahesabu kwa kidole: moja, mbili.
"Laki na ishirini, mistari miwili?"
Nikasema, ile yote niliyoifuta sijakutoza.
Akacheka, akalipa themanini.

Wiki ya tatu nikapanda Uru kudai arobaini.
Manyunyu, njia imekuwa sabuni,
viatu vyangu vya mjini vikaniaibisha mbele ya watoto wa shule.
Uani madumu yalipangwa juu ya benchi,
stika mpya zinang'aa,
na zote, kumi na saba, zimebandikwa kichwa chini.

Mama mtu ndiye aliyezibandika, gizani, kabla ya kukamua.
Nilishafungua mdomo nilalamike.
Nikaangalia tena.
Mshale mrefu ulikuwa unaning'inia.
Mfupi ulikuwa umepanda, kushoto, juu,
ukaelekea pale pale penye kumi.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge,
akaniuliza kama nimekuja na kikombe.