Kitu Kilichorushwa

Miaka ishirini na sita nilipiga taipu
taarifa za mstari unaoikata Nikosia
kama uzi unavyokata sabuni.
Walinichagua kwa kuwa mimi ni Mwarmenia:
si Mgiriki, si Mturuki,
wa kuaminiwa na wote maana si wa yeyote.
Nyumba ya mama ilibaki upande wa pili.
Fomu haikuwa na safu ya hilo.

Safu zilikuwa nane.
Saa nne na robo usiku, kituo cha kumi na tatu,
askari wa kaskazini kamwonyesha wa kusini kidole.
Saa tano, wa kusini kamwonyesha makalio.
Niliandika "ishara isiyo ya heshima",
maana makalio hayafai kufika mezani kwa wakubwa.
Na mawe: dogo, kubwa, la ukubwa wa ngumi,
lililopiga bati, lililopiga mtu.
Ukuta umeongezwa matofali matatu.
Malalamiko. Makanusho.
Matofali yamebaki.

Baridi ya mwaka ule, mawe yakakoma.
Siku tisa, kimya.
Luteni Ferreyra, kijana wa Kordoba, akakosa usingizi.
"Bibi Araksi, hiki si kimya cha bure,"
na mimi niliyezeeka mstarini nikakubali:
kimya kingi kina mshindo.
Akapanda juu ya paa la duka la vitambaa
ambalo halijauza hata mita moja tangu vita,
akatega darubini.

Kilichopita juu ya mstari saa nane usiku
kilikuwa cha mviringo.
Kikadakwa.
Kikajibiwa na pakiti ya sigara
iliyofungiwa kijiwe ili ifike.

Chungwa.

Alfajiri akaniletea fomu, macho mekundu.
"Tuandikeje?"
Safu ya sita: Kitu kilichorushwa.
Nikapiga: chungwa, moja.
Safu ya saba: Madhara.
Tukatazamana.
Safu ya nane: Je, ni ukiukaji?
Kanuni haikutaja tunda. Ilitaja kitu.
Nikapiga N, nikapiga D,
nikamalizia herufi zilizobaki.

Vidole vyangu hivi hivi.

Barua zikaenda pande zote mbili
kwa heshima na taadhima.
Wa kaskazini aliitwa Tunjai,
wazazi wake walilima Guzelyurt,
mji ambao wa kusini, Neofitos,
alifundishwa kuuita Morfu.
Tunjai akapelekwa milimani kulinda theluji.
Neofitos akahojiwa, maelezo yake yakaletwa kwangu:
alipoulizwa maganda yalikuwa yakifanya nini mfukoni mwake,
alijibu, "Ni ya bibi yangu. Alizaliwa huko.
Huyanusa, akayaweka chini ya mto,
ndipo hulala."
Nikayatafsiri hayo nayo.
Nakala tatu.

Wiki iliyofuata vikaja vijana vipya kwenye vibanda,
na mawe yakarudi,
na Luteni akalala fofofo.
Hali, niliandika, imerejea kuwa ya kawaida.

Watu nikiwasimulia hupenda niongeze
kwamba chungwa moja lilikosa mkono,
likaangukia katikati, pasipo pa mtu,
mbegu ikaota, na leo pana mti.
Moja lilianguka, kweli.
Panya walilila.
Niliona ganda kutoka dirisha la ofisi,
jeusi, limejikunja kama sikio.

Ninachokirudia mimi ni kingine.
Katika miaka ile nilikosea herufi nyingi.
Niliwahi kuandika "mbuzi" pahali pa "mbunge",
taarifa ikapanda hadi juu ikashuka,
na hakuna aliyegundua.
Niliwahi kupoteza ukurasa mzima nyuma ya kabati.
Ningeweza kumwaga kahawa.

Siku ile sikukosea hata nukta.