Kutoa Umande

Miaka ishirini na sita nilisimama na mizani
katika banda la kupokelea chai, huku Katumba.
Kapu likija limelowa nilisema: toa kilo mbili, umande.
Akina mama walinuna.
Umande ni umande, niliwaambia,
kiwanda hakinunui maji.

Sasa mizani iko uvunguni mwa kitanda
nami ndimi kapu.
Kila alfajiri, kabla ya uji, napanda miguu mitupu:
sitini na nne. Sitini na tano na nusu.
Maji yananijaa vifundoni, kidonge cheupe kinayatoa,
nakwenda chooni mara nne
kabla Rungwe haijavua blanketi lake la wingu.

Daktari kule Mbeya alinionyesha picha.
"Moyo wako umepanuka, baba."
Nikatabasamu kama mtu aliyesifiwa.
Tupokigwe hakutabasamu.

Siku ya kutoka wodini waliniandikisha kwenye simu.
Kila saa mbili usiku inatetemeka mezani:
Uzito wa leo? Najibu.
Umelala kwa mito mingapi? Mitatu.
Hofu yako ya leo, kuanzia sifuri hadi kumi?
Sifuri.

Sifuri jana. Sifuri juzi. Sifuri usiku ule
niliokaa macho hadi jogoo, nahesabu mapigo,
lile linaloruka, lile linalorudi kuomba radhi,
mvua juu ya bati, nami nasema moyoni
(moyoni! ningesemea wapi kwingine?)
nikilala, nani ataisimamia kazi hii?

Majirani wananiambia: jipe moyo.
Nijipe upi? Ninao huu mmoja, na unavuja.

Juzi ikaingia sauti badala ya maandishi.
Muuguzi Ediltruda. Nyuma yake mtoto analia, sufuria inagongwa.
"Baba Gwamaka, sifuri siku arobaini na moja?
Mimi mzima, na leo nina nne."
Nikacheka. Kicheko kikakwama njiani,
nikabaki nimeshika simu tu, napumua,
naye hakukata.
Hakuniambia nipige moyo konde.
Mtoto akanyamaza. Hakukata.

Usiku ule nikamkumbuka mwanamke mmoja
aliyenyunyizia majani maji ya mto ili yazidi uzito.
Nilimwaga kapu lake mbele ya watu.
Mimi siongezi maji, nayaficha.
Mizani ni ileile.

Leo, saa mbili. Ukungu umeshuka hadi kizingitini,
na ukishuka hivi mtandao hubaki nyuma ya zizi tu,
pale penye mparachichi.
Tupokigwe ananifuata na koti: "Baridi hii, mwanaume wewe!"
Hofu yako ya leo?
Naandika saba. Nafuta. Naandika saba.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka, haijaenda.
Nainua simu juu ya kichwa kama mtu anayeangua tunda.
Yeye ananyanyuka kwa ncha za vidole, anachungulia kioo.
"Saba ya nini?"