Sahihi

Nyuma ya daftari lako la hisabati, Nergis,
baada ya mlinganyo ulioachwa njiani,
nimekuta jina lako mara sitini na moja.
Sikupekua. Nilikuwa natafuta kikaratasi
cha kuandikia bei ya kuni.

La kwanza limesimama wima, kama mtoto wa gwaride.
La tisa lina mkia wa kuazima kwa Desislava,
naujua ule mkia.
Moja limelalia ubavu, kama anavyotia baba yako
kwenye fomu za pesa anazotuma kutoka Mannheim;
kumbe huwa unaziangalia.
Lingine lina ua dogo mwishoni. Ukalikata.
Ukalikata tena mpaka karatasi ikatoboka.
Kisha umehama herufi: za nyumbani,
halafu za shuleni, ambako N yako
huvaa sura ya H na hakuna anayeshangaa.

Hakuna hata moja iliyo sahihi,
na zote ni sahihi zako.

Jumanne unatimiza kumi na nne.
Utaingia polisi, dirisha la tatu,
utaweka kidole, utatazama kamera bila kucheka,
utatia sahihi juu ya kioo kidogo cha plastiki,
na mama wa dirishani atasema: iwe hiyo hiyo siku zote.
Siku zote! Mtu ambaye juzi hali bamia,
jana kala sahani mbili,
leo kaapa hazigusi tena.

Bibi yako Sabriye anazo mbili.
Ya pili alipewa pamoja na jina, theluji ya magotini,
askari mlangoni, orodha mezani, achague.
Akachagua Snezhana,
ili angalau mkono uanzie pale ulipozoea.
Mimi nilikuwa na miaka sita. Nilichaguliwa.
Mpaka leo mtu akiita Malina sokoni
shingo yangu hugeuka kabla yangu.

Haya sijakwambia. Daftari nimelirudisha lilivyokuwa,
bei ya kuni nimeiandika kiganjani.

*

Jumanne ulitoka na risiti, masikio mekundu.
"Umeweka ipi?"
"Hakuna. Kalamu iliteleza."
Tukacheka pale ngazini hadi mzee mmoja
aliyekuja kulipa faini akacheka naye,
bila kujua anachekea nini.

Basi kwa miaka minne, Kardzhali hii
na kila mpaka utakaovuka
watakutambua kwa mtelezo.

Usiku nikapita, mlango wako u nusu wazi.
Taa inawaka. Umeinamia meza, ulimi nje kidogo,
daftari jipya,
unajifunza kuteleza vile vile.