Mtende wa Mwisho

Miaka thelathini Ami Ghalibu alishika zamu za falaji, Ibra;
alijua kwa sikio tu maji yamekwama wapi.

Leo daktari anamgusa unyayo kwa uzi wa nailoni.
Hapa? Kimya.
Na hapa? Ami ananitazama mimi,
kana kwamba jibu ninalo.

"Sukari haizibi mshipa kwa siku moja," anasema Daktari Thuwaiba.
"Huuchubua kwanza, kwa ndani, taratibu,
ndipo mafuta yakapata pa kung'ang'ania."

Ami akacheka, si kwa furaha.
"Chokaa hiyo.
Juu maji yetu hung'ara vilevile,
chini mfereji unabanwa, kila mwaka unene wa ukucha.
Na mtende wa mwisho
ndio ufao kiu kwanza."
Akakitazama kidole gumba cha mguu.

Nyumbani Bi Raya ametandika: halua, dele la kahawa.
Sahani ikampita mara mbili.
Akachukua tende moja, akaipasua, nusu akanipa,
kisha akavua soksi,
akauinamia unyayo kwa kioo cha kunyolea
kama alivyokuwa akikiinamia kisima cha falaji,
asikilize.