Nusu Kilo ya Povu

Saa kumi na moja alfajiri, Elburgon.
Baridi inang'ata vidole hadi kwenye kucha
na mitungi imejipanga kwenye mlango wa bati.

Mizani ya zamani ilining'inia kwa mnyororo
kama mbuzi wa kuchunwa.
Karani Gathogo hakuinua macho:
"Kumi na mbili. Toa nusu, ya povu."
Tukanung'unika. Miaka kumi na minane tukanung'unika.

Povu gani hilo, Tapkigen akauliza siku moja,
lisilopungua kiangazi, lisilozidi masika,
ng'ombe akiwa mzima, ng'ombe akiwa na homa?
Watu wakacheka.
Akaandikiwa kumi na moja na nusu.

Kisha ikaja mizani ya umeme,
tarakimu nyekundu kama makaa.
Siku hiyo wengine tulivaa nguo za kanisani.
Gathogo akasoma kwa sauti: kumi na mbili kamili!
Tukapiga makofi.
Kalamu ikasita hewani kidogo,
halafu mkono ukashuka wenyewe,
punda anayejua njia ya zizini:
kumi na moja na nusu.

Nikagombea ukatibu kwa ajili ya nusu ile.
Nikashinda. Nikapewa funguo, meza yenye mguu mbovu,
na madaftari yanayonuka mtindi.
Usiku nikaifuata nusu kilo kila ilikopita.
Chai ya ofisi, naam. Sufuria ya mwenyekiti, nilijua.
Lakini pia uji wa chekechea.
Mshahara wa Odanga, mlinzi
asiyeonekana kwenye bajeti yoyote.
Na muhula mmoja wa karo, binti ya Tapkigen,
mwaka ule mumewe alipolazwa Nakuru.
Mama mtu hakuambiwa zilikotoka.

Nilikuja na koleo kung'oa msumari mmoja.
Nikakuta makoti ya kijiji kizima yametundikwa hapo.
Wanasema mazoea yana taabu.
Hawasemi kwamba yana watoto wa kulisha.

Hata hivyo, Jumatatu, niliandika kumi na mbili.
Mkono ulitetemeka, lakini niliandika.

Tapkigen akachukua kadi yake, akaenda.
Akafika langoni, akasimama, akaisogeza kadi kwenye taa.
Akarudi, akipita mbele ya foleni,
akaniinamia ili wengine wasisikie:
"Mwanangu, hapa umekosea.
Hukutoa ya povu."